Nani Atamkagua Mkaguzi?

Hotuba juu ya usimamizi wa ubora katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu, iliyotolewa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Waliotangulia kusema wamewaeleza habari za kahawa mliyokusanya, maghala mliyojenga na watoto mliowalipia karo, na kwa haki mmewashangilia. Mimi nimepewa jambo lisilopigiwa vigelegele, nalo ni ukaguzi wa hesabu. Na hata katika ukaguzi huo sikuombwa kueleza jinsi mkaguzi anavyowachunguza ninyi, bali jinsi ofisi yake yeye inavyopaswa kuchunguzwa. Huenda mtu akauliza moyoni: mkulima ana haja gani na mambo ya ndani ya ofisi ya mkaguzi? Haja anayo, tena ni kubwa.

Katika kila taarifa ya mwaka ya chama upo ukurasa mmoja wenye sahihi ya mkaguzi. Ukurasa huo ukisema kwamba hesabu zaonyesha hali halisi ya chama, mkutano hupiga makofi na shughuli husonga mbele. Benki huusoma kabla ya kutoa mkopo wa pembejeo. Mrajis huusoma. Mwanachama asiyejua kusoma husomewa, naye hulala usingizi. Lakini hati safi ni neno la mtu aliyefanya kazi ambayo ninyi hamkuiona. Hamkuwapo alipohesabu magunia, wala hamkumwona alipolinganisha daftari la mizani na stakabadhi za wakulima, kama kweli alifanya hivyo. Kwa sababu hiyo thamani ya hati ni sawasawa na thamani ya ofisi iliyoiandika, wala haizidi hata kwa senti moja.

Tena hata ikiandikwa kwa uangalifu wote, hati si kiapo. Mkaguzi hapitii kila stakabadhi. Huchagua baadhi, huzipima, kisha hutoa maoni yake. Viwango vya kazi yake vyasema kwamba atoa hakikisho la kutosha, si hakikisho kamili. Basi ikiwa neno lenyewe lina mpaka namna hiyo, yatupasa tujue kwamba angalau kazi iliyo nyuma yake ilifanywa ipasavyo.

Ushirika wetu ulilitambua jambo hili mapema. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ilipopitishwa mwaka 1982, mwaka huohuo Bunge lilitunga pia sheria namba 15 ya kuunda Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, na kwa maoni yangu ndivyo ilivyopasa.

Sasa, kwa kuwa nasema na wakulima wa kahawa, nitasema kwa lugha ya kahawa. Mwonjaji huketi mbele ya vikombe vyake, akanusa, akavuta kwa kijiko, akatema. Mara hukuta kikombe kimoja kina uvundo. Nyote mwajua kwamba punje moja iliyovunda yaweza kuharibu ladha ya zilizo nzima. Mwonjaji huyo aweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. Aweza kuutenga mzigo ule, akaandika daraja la chini, akaendelea na kikombe kinachofuata. Au aweza kutuma mtu arudi kuuliza: kahawa hii ilimenywa wapi? Ilimenywa siku ileile iliyochumwa, au ililala kwenye magunia? Tangi la kuvundikia lilisafishwa, au punje za jana zilibaki pembeni zikachanganywa na za leo? Maana kasoro imeonekana mezani, lakini ilizaliwa tangini. Anayeishia mezani atakutana nayo tena wiki ijayo.

Ofisi nyingi za ukaguzi, kwa miaka mingi, ziliishia mezani. Kabla ya hati kutiwa sahihi, mkubwa mmoja hulisoma jalada, hutia alama penye upungufu, kijana hurekebisha, hati hutoka. Baada ya hapo majalada machache huvutwa kabatini mara moja kwa mwaka, yakapewa maksi kama daftari za shule. Kazi hiyo ina faida, na sipendi mtu aidharau. Ila kwayo ofisi hujua tu kwamba kikombe hiki kimevunda na kile ni kizuri, isijue habari za tangi.

Kiwango cha kimataifa kilichoanza kutumika tarehe 15 Desemba 2009 kiliita mambo haya udhibiti wa ubora. Mwezi wa Desemba 2020 bodi ya kimataifa itungayo viwango vya ukaguzi ilitoa kiwango kipya badala yake, na ofisi zikapewa hadi tarehe 15 Desemba 2022 ziwe zimekwisha kuweka taratibu zake. Jina nalo likabadilika, likawa usimamizi wa ubora. Mtu asidhani ni mchezo wa maneno. Zamani ofisi ilipewa kanuni ikaambiwa izifuate. Sasa ofisi yatakiwa ijikalishe chini na kujiuliza: kwa watu tulio nao, kwa wateja tulio nao, kwa umbali wa vijiji tunavyokwenda, ni mambo gani yaweza kutupotosha? Kisha iweke walinzi penye hatari hizo. Kisha iangalie kama walinzi wako macho. Ikikuta wamelala, itafute kwa nini walilala. Na angalau mara moja kila mwaka, aliye juu kabisa katika ofisi hana budi kutoa uamuzi wake na kuuweka katika kumbukumbu: ama mfumo wetu unatosha, ama unatosha isipokuwa katika jambo fulani zito, ama hautoshi. Nalipenda hasa sharti hili la mwisho, maana lamnyima mkuu nafasi ya kusema kwamba hakuambiwa.

Katika kuangalia huko, kila mkuu wa kazi anayetia sahihi kwenye hati hupaswa, kwa zamu, kuchunguzwa angalau jalada moja alilolimaliza. Wala halichunguzi yeye mwenyewe, wala halichunguzi aliyefanya naye kazi hiyo. Wazee walikwisha kusema kwamba kinyozi hajinyoi. Najua katika ofisi ndogo yenye wakaguzi wawili au watatu sharti hili huonekana zito. Lakini lipo jibu, nalo ni kumwita mtu mwenye sifa kutoka ofisi nyingine. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, nayo hupita kuchunguza kazi za ofisi. Lakini mgeni apitaye baada ya muda hawezi kuwa badala ya mwenye nyumba kufagia nyumba yake.

Naomba sasa tukae kidogo juu ya mfano mmoja. Hauhusu ofisi yoyote kwa jina, na hesabu zake nimezitunga kwa ajili ya maelezo tu, ingawa nadhani wakaguzi wa ushirika walioko hapa watautambua.

Tuseme ofisi imevuta majalada kumi ya vyama vya msingi. Katika saba haumo ushahidi kwamba mkaguzi aliiona kahawa ghalani kwa macho yake. Imo nakala ya orodha iliyoandikwa na karani wa ghala, na pembeni alama ya kalamu nyekundu. Maana yake mkaguzi amekubali neno la yule ambaye alitumwa kumchunguza. Hapo ndipo kilo za mkulima hupotelea: katika daftari zipo, ghalani hazipo, na mwisho wa msimu malipo ya pili yakipungua huambiwa kwamba soko la dunia limeanguka.

Mkuu wa ofisi mwenye haraka ataandika barua kali kwa wakaguzi wote saba. Ataitisha mafunzo ya siku moja juu ya umuhimu wa kuhesabu magunia, chai itanywewa, watu watarudi makwao, na mwaka ujao saba watakuwa wanane. Mkuu mwenye subira ataanza na swali. Vijana hawa wamefaulu mitihani, kuhesabu wanajua; basi kwa nini hawakuhesabu? Atajibiwa kwamba walipofika ghala lilikuwa tupu, kahawa imekwisha kwenda kukobolewa. Kwa nini walifika wakati huo? Kwa sababu ratiba ya ofisi hupangwa baada ya hesabu za mwaka kufungwa, pasipo kuutazama msimu wa mavuno. Hawakuweza kwenda mapema? Hawakuweza, kwa kuwa barua ya kuwateua ilichelewa, na ilichelewa kwa sababu mkutano wa chama uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Na je, hakuna aliyesema? Alikuwapo mmoja. Aliambiwa kwamba ada ya chama kile haitoshi kumlipia nauli ya safari mbili, basi amalize kazi kwa makaratasi yaliyopo.

Tazameni, Mabibi na Mabwana, tumefika mbali kiasi gani kutoka kwenye ile alama ya kalamu nyekundu. Kasoro ilionekana katika jalada la kijana. Chanzo kimoja kiko kwenye ratiba, kingine kwenye ada, kingine kwenye kinywa cha mkubwa wake, na kimoja, samahani kwa kusema siku ya sherehe, kimo ndani ya mkutano wa wanachama wenyewe.

Dawa nayo hufuata vyanzo hivyo. Ratiba ibadilishwe, mkaguzi awe ghalani wakati mzigo umo, ahesabu, kisha baadaye aunganishe hesabu ile na mapokezi na matoleo hadi siku ya kufunga mwaka. Kazi ambayo ada yake haiwezi kulipia safari ya lazima isikubaliwe. Afadhali ofisi ikose mteja kuliko kutoa hati isiyo na mizizi. Na dawa ikishatolewa haitoshi kuandika kwamba imetolewa. Msimu unaofuata majalada yavutwe tena, ionekane kama magunia yamehesabiwa. Hatua hii husahauliwa kuliko zote, kwa sababu ofisi ikisha kuandika neno «limerekebishwa» hujiona imepona.

Yako mambo mawili zaidi katika mfano huo. La kwanza ni yale majalada saba yenyewe. Hati zake zimekwisha kutolewa, wanachama wamekwisha kupiga makofi. Ofisi yenye adabu haisemi yaliyopita si ndwele. Hurudi kuangalia kama upungufu ule waweza kuwa umeifanya hati kuwa batili, hufanya kazi iliyoachwa kwa njia nyingine iwezekanayo, na ikiona lazima hutafuta ushauri na kuwajulisha wanaoitegemea hati hiyo. Ni jambo chungu. Nimewaona watu waungwana wakilikimbia.

La pili ni yale majalada matatu yaliyosalia, ambayo kuhesabu kulifanyika. Watu huyapita kwa sababu hayana kosa, na hiyo ni hasara. Huenda mmoja wa wakaguzi wale alimpigia simu katibu wa chama akauliza gari litapakia lini, basi. Njia ya simu moja yaweza kuifaa ofisi nzima kuliko mafunzo ya siku moja.

Msidhani kwamba hatari hizi ni za ofisi ndogo za mikoani tu. Ofisi ya Arthur Andersen ilianzishwa Chicago mwaka 1913, ikawa miongoni mwa tano kubwa kuliko zote duniani. Mteja wake Enron, kampuni ya nishati ya Houston, iliomba kinga ya ufilisi tarehe 2 Desemba 2001, na ikajulikana kwamba watumishi wa Andersen walikuwa wameharibu makaratasi mengi ya kazi ile. Juni 2002 baraza la wazee wa mahakama liliitia hatiani. Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo mwaka 2005 kwa sababu ya maelekezo waliyopewa wazee wale, lakini wakati huo ofisi ilikuwa imekwisha kusambaratika na maelfu ya watumishi wasio na hatia wametawanyika. Lililo kubwa kwa mazungumzo yetu ni hili: siku zile ofisi kubwa za Marekani zilichunguzana zenyewe kwa zenyewe, na ripoti iliyotoka Januari 2002, Enron ikiwa imekwisha kuanguka, ilisema mfumo wa ubora wa Andersen unaridhisha. Julai mwaka huo sheria mpya iliunda chombo cha nje cha kuwachunguza.

Je, chombo cha nje chatosha? Kampuni ya ujenzi Carillion ya Uingereza ilianguka Januari 2018. Wachunguzi wa ubora walikuwa wamelipitia jalada la ukaguzi wa hesabu zake za mwaka 2016, uliofanywa na KPMG. Mwaka 2022 baraza la nidhamu liliamua kwamba wachunguzi hao walipewa habari na makaratasi ya uongo, mengine yakiwa yametengenezwa baadaye na kuonyeshwa kana kwamba yaliandikwa wakati wa kazi. KPMG ilitozwa faini ya pauni milioni 14.4 kwa kosa hilo na jingine la namna hiyo katika kampuni nyingine. Fikirini: watu walioajiriwa kutafuta ukweli katika vitabu vya wengine waliuficha katika vitabu vyao.

Kwa nini watu wenye elimu wafanye hivyo? Sina ramli. Naona tu kwamba mchunguzi akija kama askari atafutaye wa kufunga, atapewa makaratasi mazuri. Kijana aliyeacha hatua moja na akajua kwamba kwa hiyo atafukuzwa, ataiandika usiku kabla mchunguzi hajafika. Ofisi inayotaka kujua hali yake haina budi kutenganisha mambo mawili: aliyekosa kazini asaidiwe, na kasoro yake itumike kutafuta tangi lililovunda, lakini aliyedanganya juu ya kazi aondoke, hata akiwa ndiye aletaye wateja wengi. Nasisitiza hilo la mwisho kwa kuwa ndilo lisilotendwa. Ofisi ikimpandisha cheo aliyetoa hati nyingi kwa muda mfupi, hata iwe na mabango mangapi ukutani kuhusu ubora, vijana watakuwa wamekwisha kuelewa.

Nigeukie kwenu sasa. Mwanachama hawezi kufungua jalada la mkaguzi, wala si kazi yake. Lakini mkutano mkuu ndio unaomteua, na anayeteua ana haki ya kuuliza. Amulizeni alifika ghalani tarehe gani, na ni magunia mangapi aliyahesabu. Ni wakulima wangapi alikwenda kuwauliza wenyewe kama deni lililoandikwa daftarini kwa jina lao ni la kweli? Mtu huyohuyo amekuwa akitia sahihi hesabu zetu kwa miaka mingapi mfululizo? Kisha swali ambalo sijalisikia likiulizwa katika mkutano wowote wa ushirika: ofisi yenu ilichunguzwa lini mara ya mwisho, mlikuta nini, na mmebadilisha nini? Mkaguzi mwenye ofisi iliyo hai atalijibu bila kutaja siri za wateja wengine. Akijibu kwamba hawakukuta kasoro yoyote, hapo mimi ningeingiwa na wasiwasi.

Halmashauri nayo ina sehemu yake. Vitabu vinavyofikishwa kwa mkaguzi siku kumi kabla ya mkutano mkuu vyamwomba afumbe macho. Zabuni inayompa kazi mwenye bei ya chini kuliko wote, bila kuuliza bei hiyo italipia safari ngapi, yanunua sahihi tupu. Na msimamizi wa ghala anayemwambia mkaguzi kwamba funguo ziko kwa mtu aliyesafiri asichukuliwe kuwa ni mtu wa bahati mbaya tu.

Mna hati safi, nami nawapongeza kwa dhati. Mnayo nafasi ya kujua imesimama juu ya nini.

Nina ombi moja tu kwa Halmashauri. Katika mkutano mkuu ujao, shughuli ya kumteua mkaguzi isiwekwe mwisho, baada ya chakula, saa ambayo nusu ya wajumbe wamekwisha toka kutafuta gari la kuwarudisha vijijini. Iwekwe asubuhi, mara baada ya kuthibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita. Akidi itakuwapo, maswali yataulizwa, barua ya uteuzi itatoka mapema, na mkaguzi atalikuta ghala lina kahawa.